Tukio Hili Litaripotiwa

Sehemu ya sita

Meseji zenu nimezisoma. Zote. Hata yule aliyeandika "dada, wewe ujinga wako ni wa kujitolea" nimemsoma, na sina la kumjibu, maana wiki hii nimemzidi hata alivyonidhania.

Kwa aliyekosa gazeti, haraka haraka. Nafanya kazi kwenye chumba ambacho vitabu vinasomwa kwa sauti, vinarekodiwa, kisha vinaazimwa kwa watu wasioona. Msomaji wetu mkuu alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka minne. Akisoma, watu wanasahau chai mpaka inaota ngozi juu.

Miezi miwili iliyopita daktari akamkuta na uvimbe kooni. Kabla ya kupasuliwa akajifungia na maikrofoni siku nne, peke yake, akasoma kitabu cha mwisho. Sura kumi na mbili. Akanikabidhi, akasema, "Hamisha tu mwanangu, usisikilize, bado sijasafisha."

Alitoka hospitali mzima. Sauti haikutoka naye. Daktari amesema tusiisubiri.

Rekodi zake za zamani mnakumbuka zilivyoisha kwa maji ya lile bomba lililopasuka, sehemu ya tatu. Kwa hiyo zile sura kumi na mbili ndiyo sauti yake yote iliyobaki duniani. Na nimezifungia mimi.

Nilizifungiaje? Fundi wetu wa zamani alitufundisha neno moja: sudo. Ukiliandika mbele ya amri, mashine inaifanya kwa mamlaka ya mkuu wake, ambaye sisi tulimbatiza Mwenye Nyumba. Fundi alisema, "Hiyo ndiyo hodi ya mashine, na ni ya kazi tatu tu." Akaziandika kwenye karatasi, chini yake akaongeza maneno ya kutoguswa kamwe, akaibandika juu ya skrini. Tangu siku hiyo naye tukamwita Mzee Hodi.

Kazi tatu. Mimi nikaona neno zuri hivi, la adabu, kwa nini nilibane? Nikaliweka kwenye kila kitu, kama mtu anayepiga hodi mpaka kwenye kabati lake la nguo. Sauti ya shangazi nikaihamisha kwa sudo. Mashine ikaandikisha sura zote kumi na mbili kwa jina la Mwenye Nyumba, ikatia kufuli.

Katika kurekebisha, nikaiambia mashine iniweke kwenye kundi la watu wa sauti. Sikuiambia iniache na kule nilikokuwa. Ikanihamisha na virago vyangu vyote, ikanitoa kwenye kundi la wanaoruhusiwa kusema sudo. Pale ofisini nilikuwa nimebaki peke yangu kwenye kundi lile.

Wiki iliyopita tuliachana nikitazama haya maandishi: Jina lako halimo kwenye orodha. Tukio hili litaripotiwa.

Haya. Jumatatu asubuhi.

Nikajaribu tena. Halimo. Litaripotiwa.

Nikajaribu kwa herufi kubwa. Nikajaribu nimefumba macho. Nikazima skrini nikaiwasha. Halimo. Litaripotiwa. Halimo. Litaripotiwa.

"Hiyo ya ngapi?" akaniuliza Masikio. Huyu ndiye fundi wetu wa maikrofoni, mwenye masikio kama vishikio vya sufuria, na anasikia hata usichosema.

"Ya kumi na nne."

"Ukifika ishirini watakupa zawadi."

"Masikio, niache."

"Mimi nauliza tu. Inasema litaripotiwa. Linaripotiwa kwa nani?"

Hilo sikuwahi kulifikiria. Tukageuza shingo wote wawili kwa pamoja, tukatazama mlango wa bosi.

Bosi wetu tunamwita Bi Taratibu. Ukitaka kalamu, kuna fomu. Fomu zikiisha, kuna fomu ya kuombea fomu.

Mlango ukafunguka. "Wewe binti. Njoo ofisini kwangu. Sasa hivi."

"Haya sasa," Masikio akanong'ona. "Limeripotiwa."

Nikaingia, nikasimama, sikusubiri hata niulizwe. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bosi, nisamehe. Ni mimi. Nimezifungia sura zote za shangazi, halafu nikajitoa mwenyewe kwenye orodha, halafu nikajaribu mara kumi na nne kuingia. Sikuwa na nia mbaya."

Bi Taratibu akavua miwani.

"Nilikuita kuhusu ufunguo wa choo," akasema. "Umeondoka nao Ijumaa."

Nikaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwepo.

Mdomo huponza kichwa, walisema, na mimi ndiye niliyewafanya waseme.

"Kaa chini," akasema. "Anza upya. Polepole."

Nikaanza upya. Nilipomaliza, akachukua simu ya mezani, akampigia fundi wa kampuni fulani ya mjini. Nikamsikia: "Ndiyo. Ifutwe yote, iwekwe upya. Ijumaa saa nne asubuhi. Sawa."

"Bosi! Ifutwe yote? Na sura za shangazi?"

"Sura ambazo hakuna anayeweza kuzifungua si sura. Ni takataka imekaa kabatini. Wasioona wanasubiri kitabu tangu mwezi wa pili. Atasoma msomaji mwingine."

"Ni sauti yake ya mwisho, bosi."

Akanitazama kidogo. Uso ukalainika, nikapata tumaini. Kisha ukajikaza.

"Basi una mpaka Ijumaa saa nne," akasema. "Na ufunguo wa choo uandike kwenye daftari kwamba umerudishwa."

Najua mtakachoniandikia. Kuna wataalamu kumi humu waliokwisha kuniambia, "Izime mashine, iwashe, ingia mlango wa nyuma." Wapendwa, Mzee Hodi alifunga na huo wa nyuma. Bila neno lake, ile mashine haiwaki hata taa. Na Mzee Hodi mwenyewe aliondoka miaka miwili iliyopita, baada ya Bi Taratibu kuiweka mashine ndani ya kabati la chuma eti kwa ajili ya unadhifu. Mzee akasema itapumulia wapi, bosi akasema hapa anayeamua ni nani, mzee akachukua kofia yake akaenda. Namba aliyotuachia haipatikani.

Jioni nikarudi nyumbani. Shangazi alikuwa kaketi dirishani na leso shingoni, na glasi ya maji na kijiko mezani. Hivyo ndivyo tunavyoongea siku hizi. Kijiko kikigonga glasi mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Mara nyingi mfululizo, ni matusi. Maneno marefu anaandika kwenye daftari.

Akanisukumia daftari hata sijavua viatu. *Bado zipo?*

Swali lile lile la kila siku.

"Zipo, shangazi. Hazijaenda popote."

Akafumba macho, akageukia dirishani. Ya Ijumaa sikumwambia. Ningemwambiaje mtu aliyepoteza sauti kooni kwamba inakwenda kupotea na mashineni?

Nikajitia ushujaa. "Nitazifungua, shangazi. Nakuapia. Na nikizifungua nitakaa nizisikilize zote, moja moja, kuanzia ya kwanza."

Kijiko kikagonga mara mbili. Kwa nguvu. Maji yakaruka.

"Hapana nini? Usijali usafi, nitazisafisha mimi."

Mara mbili tena. Akavuta simu yangu mkononi, akatazama ile picha niliyoipiga ya skrini, ya halimo na litaripotiwa. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaandika: *Inaripotiwa kwa aliyeiweka mashine. Mpigie.*

"Mzee Hodi? Namba yake imekufa."

Shangazi akachukua kalamu, akaandika namba nyingine. Tarakimu kumi, bila kutazama popote, bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake.

"Shangazi. Hii namba umeijuaje kichwani?"

*Kula kwanza.*

"Sitaki kula. Nauliza umeijuaje?"

Kijiko kikaanza kugonga mfululizo. Nikaenda kula.

Kesho yake, saa ya chai, nikapiga nikiwa ngazini. Iliita mara moja tu.

"Kumi na nne," sauti ikasema. Hakuna shikamoo, hakuna haloo. "Kumi ndani ya dakika sita. Nilikuwa nataka nione utachoka lini."

"Mzee? Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kila ukikataliwa, mashine inaniandikia barua, na amri uliyoitaka imo. Miaka miwili hakuna aliyekumbuka kunitoa. Kwanza niambie, faili za sauti ulizihamisha kwa sudo?"

"Ndiyo mzee."

"Kwa nini?"

"Mzee ulisema ndiyo hodi."

Nikasikia pumzi ndefu, ya mtu anayehesabu asije akatukana.

"Binti. Faili zilikuwa zako. Umeona wapi mtu anapiga hodi nyumbani kwake? Ukipiga hodi kwako, ujue umemkaribisha mwingine awe mwenyeji. Karatasi niliyobandika ilisema kazi ngapi?"

"Tatu."

"Na hii ilikuwemo?"

"Haikuwemo."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Limeshavunjika, mzee. Lote. Naomba nenosiri."

"Nenosiri langu halisafiri kwa simu. Na hiyo mashine yenu inatoa barua tu, haipokei mgeni kutoka nje. Nitakuja mwenyewe. Jina langu bado limo kwenye orodha yake. Dakika tano, nimemaliza."

Nilitaka kuruka ngazi zote kwa mara moja. "Leo, mzee?"

"Niko mbali. Ijumaa saa tatu." "Shangazi yako anaendeleaje?"

"Hawezi kuongea tena."

"Ijumaa saa tatu," akarudia, sauti imeshuka, akakata.

Nikampelekea shangazi habari mbio. Nilitegemea kijiko kigonge mara moja, kwa furaha. Hakikugonga. Akakata karatasi kwenye daftari, akaandika akinipa mgongo, akaikunja mara nne, akaibana kwa pini ya nywele. Juu yake akaandika: *Mpe mkononi. Usisome.*

Sikusoma. Hilo naomba mniandikie hata kama mengine yote mnanitukana. Siku tatu nilitembea nayo kwenye pochi na sikusoma.

Ijumaa. Saa tatu kasoro dakika tano niko getini. Na hapa ndipo nilipokumbuka kitu kimoja: getini kwetu kuna mlinzi, mlinzi ana daftari, na kwenye daftari kuna orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, imesainiwa na Bi Taratibu kila ukurasa.

Mzee Hodi akafika na kofia ile ile.

"Jina?" akauliza mlinzi.

Mzee akataja. Mlinzi akapitisha kidole juu mpaka chini, akarudi juu.

"Wewe humo."

"Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja, ndugu yangu. Wewe mwenyewe nimekutengenezea redio."

"Redio inaimba vizuri, asante. Lakini jina lako halimo kwenye orodha. Na kwamba umekuja, itabidi niripoti."

Nakwambieni nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Mzee Hodi ndani ya mashine yumo, getini hayumo. Mimi getini nimo, ndani ya mashine simo. Tumesimama huku na huku ya geti la chuma kama wafungwa wa magereza mawili, na saa inakwenda.

"Mwombe bosi," mzee akaniambia. "Nenda kamwombe tu, kwa heshima."

"Atakataa."

"Hujamwomba."

"Mzee, namjua. Kuna fomu."

Saa tatu na robo. Fundi wa kampuni alikuwa keshaingia na begi lake, amekaa mapokezi anapuliza chai. Saa nne anafuta.

Ndugu msomaji, hapa ningekuwa na akili ningepanda ngazi, nikagonga mlango, nikasema, "Bosi, naomba." Maneno mawili. Lakini mazoea yana tabu.

Nikamgeukia mlinzi, nikanyoosha shingo. "Bosi amesema afunguliwe."

"Bi Taratibu amesema?"

"Amesema. Mwenyewe. Kwa kinywa chake."

Mzee Hodi akanitazama. Alivyonitazama, nikajua amejua. Lakini geti lilikuwa limeshafunguka, na mlinzi keshaanza kuandika kwenye daftari, polepole, kwa mwandiko mzuri: *Ameruhusiwa na Bosi.*

Tukapanda ngazi mbili mbili. Masikio alipomwona mzee akasimama mpaka kiti kikaanguka. Mzee hakusalimia mtu, akafungua kabati la chuma, akaiwekea mashine kiganja juu kama anayepima mtoto homa.

"Inaungua," akasema. "Nilisema."

Akakaa kwenye kiti changu. Nikampa karatasi ya shangazi. Akaondoa pini ya nywele, akaitazama ile pini kwanza, akaitia mfuko wa shati. Kisha akasoma.

Akasoma tena.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mbele yangu, mzee. Sijasoma."

"Hujasoma." Akaikunja. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini kwa namna ambayo sikuielewa. "Una hakika unataka nifanye hili?"

"Mzee! Wiki nzima sijalala! Fanya!"

Akaandika jina lake. Akaandika nenosiri. Mashine, ile ile iliyonifukuza mara kumi na nne, ikampokea bila neno. Nilisikia wivu, siwafichi.

Akaandika sudo. Nami nikasogea nyuma ya bega lake nisome, maana safari hii nilitaka kujifunza. Nilijua amri ninayoitegemea, ya kubadilisha mwenye mali, ya kuziondoa sura kwa Mwenye Nyumba na kunirudishia mimi.

Neno la pili halikuwa hilo.

Lilikuwa na herufi mbili tu. Nalijua. Lilikuwa namba moja kwenye ile karatasi yake juu ya skrini, sehemu ya chini, alipoandika kwa wino mwekundu *Haya msiguse kamwe*. Hilo ni neno la kufuta. Na mbele yake zimepangwa sura za shangazi, moja hadi kumi na mbili, zinasubiri abonyeze tu.

Nikamdaka mkono hewani.

"Mzee, umekosea! Hiyo ni ya kufuta!"

"Sijakosea."

"Tumekubaliana kufungua!"

"Mimi na wewe ndiyo tumekubaliana," akasema taratibu. "Wewe umeniita. Yeye ndiye mwenye sauti."

Kule chini nikasikia simu ya getini inalia. Nikamsikia mlinzi anajibu kwa adabu zote, "Ndiyo bosi. Ameshapanda bosi. Si umeruhusu mwenyewe, bosi?"

Kisha viatu. Viatu vya Bi Taratibu kwenye ngazi, na nyuma yake begi la fundi wa kampuni linagonga ukuta.

Mlango ukasukumwa. "Nani," akasema Bi Taratibu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote, na hilo ndilo lililonitisha, "nani amefungua geti kwa jina langu?"

Sikuweza kuachia mkono wa mzee. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi, mkono wangu umekishika, na kwa mkono wake mwingine akanisogezea ile karatasi mezani, akaifungua mikunjo yote minne.

"Basi soma," akasema. "Kisha wewe ndiye utakayeniambia nibonyeze au nisibonyeze."

Nikaupata mwandiko wa shangazi. Mistari miwili.

*Zifute zote leo, nakuomba kwa yaliyopita.*

*Mtoto asiisikie sura ya tisa. Humo niliacha kusoma, nikamtaja mama yake.*

Mama yangu, ambaye nimeambiwa tangu nina miaka minne kwamba hajulikani aliko.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," akasema Bi Taratibu.